Asumini, waridi na langilangi hazidumu bustanini mwangu: kosa ni la udongo, la maji au la mkono wangu?

*“Mtaalamu, habari za kazi. Tulihamia nyumba yetu ya Kunduchi miaka miwili iliyopita, si mbali na bahari. Mbele ya nyumba nilitaka bustani kama aliyokuwa nayo bibi yangu Tanga: asumini, waridi, rehani na mlangilangi mmoja, ili binti yangu akiolewa mwakani maua ya vikuba, vile vishada vya kuvaa, yatoke hapahapa nyumbani. Nimepanda mara mbili. Miche inakuja ikiwa mizuri, inakaa miezi miwili au mitatu, kisha ncha za majani zinaungua, majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, na mwisho mmea unapukutika wote. Namwagilia kila siku asubuhi na jioni kwa maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi kidogo lakini tunayaogea na kuyafulia bila taabu. Mashimo niliyajaza mbolea ya kuku. Jirani ameniambia niongeze majivu, muuza miche anasema udongo umekufa ninunue lori la udongo mwekundu, na mama mkwe anasema mkono wangu haupandi. Nianzie wapi?”*

Mama, nashukuru kwa kueleza dalili kwa makini namna hii, kwa sababu maelezo yako kuhusu majani yanatosha kunionyesha sehemu kubwa ya tatizo hata kabla ya kuiona bustani yenyewe. Unachouliza ni kwa nini mimea inayopaswa kuishi miaka mingi haimalizi hata msimu mmoja, na kama tatizo limo katika udongo, maji au wewe mwenyewe. Naanza na la mwisho, maana najua linavyomkaa mtu moyoni: mkono wako hauna neno. Mtu anayemwagilia mara mbili kila siku kwa miezi mitatu ana bidii kuliko wengi ninaowashauri. Taabu ni kwamba bidii hiyo, kwa aina ya maji na mchanga ulio nao, ndiyo inayoidhuru mimea, na hili linahitaji kuelezwa polepole.

Mmea hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa hewani kupitia majani, lakini chumvi iliyomo haiondoki pamoja na mvuke. Husafiri na maji mpaka mwisho wa safari yake, yaani ncha na kingo za jani, na hapo hujikusanya siku baada ya siku mpaka chembe za jani zinakufa. Ndiyo maana majani yako yanaanza kuungua kwenye ncha na si katikati. Chini ardhini mambo ni hayohayo: jua la Pwani huvuta maji kutoka kwenye tabaka la juu la mchanga, maji yanapaa na chumvi inabaki. Tuchukue mfano wa maji yenye gramu 1 ya chumvi katika kila lita, kiasi ambacho wengi hawakisikii vizuri ulimini, ukikumbuka kwamba maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita. Ukimwaga lita 10 kwa siku kwenye mita moja ya mraba, umeweka gramu 10 za chumvi. Kwa mwezi mmoja wa kiangazi zimekuwa gramu 300, na hakuna hata tone moja la mvua lililozisukuma chini. Maji ambayo ngozi na nguo zako hazilalamiki yanaweza kabisa kuwa mabaya kwa mwaridi, kwa sababu ngozi huoshwa ikapanguswa, ilhali mzizi unakaa ndani ya kile kilichobaki.

Sasa ongeza jinsi unavyomwagilia. Kumwagilia kidogo kidogo mara mbili kwa siku hulowesha sentimita chache za juu tu. Kwa kukadiria, maji ya kina cha sentimita 1, ambayo ni lita 10 kwenye mita moja ya mraba, hulowesha mchanga mkavu hadi sentimita 10 au 12, na mara nyingi mtu mwenye mpira au kopo hafikishi hata kiasi hicho. Mzizi hufuata unyevu. Ukiuletea unyevu juu, utabaki juu, mahali penye joto kali zaidi na chumvi nyingi zaidi, na siku utakayosafiri au umeme utakapokatika pampu isifanye kazi, mmea hauna akiba yoyote chini. Nakuomba ufanye jaribio dogo kabla ya kununua chochote: mwagilia kama kawaida yako jioni, kisha kesho yake asubuhi chimba kwa jembe hadi kina cha sentimita 30 pembeni ya mmea mmoja. Nina hakika utakuta mchanga mkavu chini ya kiganja kimoja cha udongo wenye unyevu.

Dalili ya pili, majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, ni jambo jingine. Mmea unapokosa naitrojeni, majani ya zamani ya chini ndiyo yanayoanza kupauka, kwa sababu mmea huihamisha naitrojeni yake kutoka kwa wazee kwenda kwa machipukizi. Madini ya chuma hayahamishwi hivyo, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza kwenye majani machanga, na mara nyingi ardhini chuma ipo tele ila imefungwa. Kinachoifunga ni chokaa. Ukanda wenu wa Kunduchi hadi Tegeta umekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale, na kilima cha Wazo, ambako saruji inatengenezwa miaka yote hii, nacho ni cha mawe ya chokaa. Isitoshe, nyumba mpya huacha mabaki: saruji iliyomwagika, lipu, vipande vya tofali, na mafundi hufukia yote hayo mbele ya nyumba, palepale unapotaka bustani. Chukua kijiko cha udongo mkavu, kimwagie siki. Ukitoa povu, chokaa ipo ya kutosha kukueleza habari ya majani ya njano.

Kwa sababu hiyo usimsikilize jirani kuhusu majivu, ingawa najua ameshauri kwa nia njema. Majivu huongeza uchokaa wa udongo. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, kama wa sehemu nyingi za nyanda za juu, yanasaidia, na ndiyo sababu ushauri huo umeenea. Kwenye ardhi ya matumbawe yanaifunga chuma zaidi. Magadi ni mabaya kuliko majivu, maana yanaleta sodiamu juu ya ile uliyonayo. Maji ya kufulia nguo nayo yana sodiamu nyingi kutokana na sabuni ya unga, basi usiyapeleke kwenye miasumini hata kama yanaonekana ni bure.

Mbolea ya kuku ni nzuri, lakini si mbichi na si ya kujaza shimo. Ikiwa mbichi hutoa amonia inayounguza mizizi michanga, na yenyewe ina chumvi zake. Ilipaswa kurundikwa, kuloweshwa na kugeuzwa kwa muda usiopungua miezi miwili au mitatu, mpaka isiwe na joto wala harufu kali ya kuwasha macho, bali inukie udongo. Hata hapo huchanganywa kwa kiasi. Shimo lililojazwa kitu kizuri katikati ya mchanga mtupu ni kama chungu kilichofukiwa: mizizi huzunguka humohumo na haina sababu ya kutoka. Ni heri kulima eneo lote la bustani, ukatandaza mboji iliyoiva kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, na kuichanganya na mchanga hadi kina cha sentimita 30. Mboji ya majani ndiyo ningeipendelea kwako, kwa kuwa samadi nyingi huwa na chumvi zaidi.

Kuhusu lori la udongo mwekundu, sikatai kwamba kuna mahali linafaa, lakini kwako nisingeanzia hapo. Ni gharama kubwa, unaweza kuletewa magugu na minyoo fundo (vijidudu vya udongoni vinavyotia vinundu mizizini) ambayo hukuwa nayo, na ukimwagwa tu juu ya mchanga bila kuchanganywa, udongo huo hukaza ukawa sakafu. Zaidi ya yote, ukiendelea kuumwagilia maji yaleyale kwa namna ileile, baada ya mwaka nao utakuwa na chumvi, na udongo wa mfinyanzi ukishajaa chumvi ni mgumu kuusafisha kuliko mchanga. Mchanga wako una sifa moja ambayo watu huidharau: chumvi inateremka upesi mno ukiupa maji mengi kwa mpigo. Udongo wako haujakufa. Kama chini ya sentimita 20 unagonga jiwe la matumbawe, hapo ndipo tuta lililoinuliwa sentimita 30 au 40 kwa mchanganyiko wa udongo na mboji linapokuwa na maana.

Kabla sijafika kwenye namna ya kupanda, kuna dhana moja ambayo ingefaa tuiondoe. Tunaposema mmea ni wa kudumu, hatumaanishi kwamba ukishika utajitegemea tangu siku ya kwanza. Mwaka wa kwanza mmea wa namna hii hujenga mizizi, na juu unaweza kuonekana umedumaa ilhali chini kazi inaendelea. Mwenye bustani akiona haukui huongeza mbolea na maji, na hapo ndipo wengi huuawa. Wala yote haidumu kwa kipimo kimoja. Mwasumini uliotunzwa huishi miongo. Mrehani, hata ukiutunza vipi, huwa mti mkavu baada ya mwaka mmoja au miwili hivi, hivyo kila baada ya miezi kadhaa kata vikonyo vya urefu wa kiganja, viweke majini mpaka vitoe mizizi, upande upya. Rehani zilizokufa usizihesabu kuwa kushindwa kwako.

Mwasumini ndio ningeuwekea nguvu zako zote, kwa sababu ukiweza huu, bustani yako imesimama. Unataka jua la muda wa saa 5 au 6 kwa siku. Kivulini utatoa majani mazuri na maua ya kuhesabika. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo baada ya wimbi la maua kupita punguza matawi kwa theluthi hivi, nao utachipua na kuchanua tena. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huufanya unenepe majani usahau maua. Hauvumilii chumvi nyingi wala upepo wa bahari unaoupiga moja kwa moja, basi uupande kwenye ubavu wa nyumba au ukuta ulio na kinga, lakini si mita moja tu kutoka ukutani penye mabaki ya saruji. Kama mwasumini wa bibi yako Tanga bado upo, au jirani wa kule ana mtoto wake, jipatie vikonyo vya sentimita 10 hadi 15 vya tawi ambalo si changa sana wala si gumu sana, au mwombe mtu alalishe tawi refu ardhini, alifukie sehemu ya katikati na kuliwekea jiwe mpaka lishike mizizi. Mmea uliokwisha kuzoea Pwani kwa miaka mingi ni mwanzo mzuri kuliko mche uliokuzwa kivulini kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi.

Kwa waridi nitakuwa mkweli zaidi. Miwaridi mingi ya kisasa inayouzwa vitaluni, ile yenye maua makubwa ya shina refu, ni jamaa ya ile inayostawi Arusha na Naivasha, kwenye usiku wa baridi. Pwani inapata joto usiku na mchana, unyevunyevu wa hewa huiletea madoa meusi ya majani, na katika mimea yote uliyotaja ndiyo isiyovumilia chumvi kabisa. Ukiitaka, iweke kwenye chungu chenye upana na kina cha sentimita 40 au zaidi, kilichotobolewa chini, na uimwagilie maji ya mvua tu. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo hayana chumvi, na nyumba yenye viyoyozi viwili hupata ya kutosha vyungu kadhaa. Tafuta pia ule mwaridi wa zamani wa mwambao, wenye maua madogo yenye harufu kali, ambao kina mama wa Tanga na Unguja huuotesha kwa vikonyo vyake wenyewe. Ni mgumu kuliko jamaa zake.

Mlangilangi ni mti, si kichaka cha kibarazani. Ukiachwa hupita urefu wa nyumba ya ghorofa moja, na kule Komoro, ambako hulimwa kwa ajili ya mafuta yake, hukatwa kichwa ukiwa na mita 2 au 3 ili matawi yainame na maua yafikiwe kwa mkono. Upande mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba na mbali na karo la maji machafu, kisha uukate hivyohivyo. Una mzizi mkuu unaoshuka wima. Mche ambao mzizi wake umekunjika chini ya kiriba, yaani mfuko uliooteshewa, ukatae usiununue, maana hautanyooka tena.

Nikuongezee mimea miwili ambayo hukuitaja na ambayo bustani ya vikuba iliyo karibu na bahari isingepaswa kuikosa. Mkadi huota wenyewe ufukweni, upepo wa chumvi hauusumbui, na hukubali kuoteshwa kwa machipukizi ya ubavuni. Jihadhari na jambo moja: ua lenye harufu, kadi yenyewe, hutolewa na mti dume, kwa hiyo chukua chipukizi kutoka kwenye mti uliouona kwa macho yako ukichanua. Una miiba, uweke mbali na njia ya watoto. Wa pili ni mhina, unaostahimili jua, ukame na chumvi ya kadiri, na ambao kwa harusi hauhitaji kuelezewa. Bogenvilia pia itakupa rangi pale penye mchanga mbaya kuliko pote, na huchanua vizuri zaidi isipobembelezwa kwa maji. Muuza miche akikushauri oleanda kwa sababu inavumilia chumvi, amesema kweli, lakini kila sehemu yake ina sumu. Penye watoto na mbuzi nisingeipanda.

Panda mwanzoni mwa masika, mwezi Machi au Aprili, mvua zikishashika na si baada ya manyunyu ya kwanza. Mvua hizo zitafanya kazi mbili ambazo wewe huwezi kuzinunua kwa bei rahisi: zitaosha chumvi ya kiangazi kutoka kwenye mchanga, na zitaipa mizizi miezi mitatu ya kuteremka kabla ya ukavu. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nafasi ya pili, ila ukumbuke kwamba nyuma yake kuna Januari na Februari, miezi mikali kuliko yote. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisiwe na kina kuzidi donge hilo, ili mche usizame udongo ukitulia. Kiriba kiondoe chote. Kukichana chini tu na kukiacha ubavuni, kama wafanyavyo vibarua wengi, ni kuifunga mizizi maisha. Mizizi iliyojizungusha ilegeze kwa vidole. Shina lisifukiwe zaidi ya lilivyokuwa kitaluni.

Kisha tengeneza kisahani cha udongo chenye upana wa sentimita 80 kuzunguka mche, na umwage ndoo nzima ya lita 20 polepole mpaka inywewe yote. Ndoo hiyo itafika kina cha sentimita 40 hivi, na kila ikishuka inaisukuma chumvi chini ya mizizi. Wiki mbili za kwanza, kama hakuna mvua, fanya hivyo kila baada ya siku moja. Baadaye kila baada ya siku mbili au tatu, na miezi mitatu ikishapita sogeza taratibu hadi mara moja au mbili kwa wiki. Kalenda isikutawale: choma kidole au kijiti hadi kina cha sentimita 10, na pakiwa bado na unyevu acha. Lakini usisubiri pia mpaka pakauke kabisa, kwa kuwa maji yakipungua mchangani chumvi iliyobaki hukolea, na mmea hushindwa kunywa hata kile kidogo kilichopo. Mwagilia chini, kamwe si juu ya majani, maana jani hufyonza chumvi moja kwa moja. Mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi toa ndoo mbili kwa mpigo badala ya moja.

Juu ya kisahani weka matandazo ya majani makavu, makuti yaliyokatwakatwa au makumbi ya nazi, unene wa sentimita 5 hadi 8. Makumbi yaliyolowekwa pwani kwa ajili ya kamba yasuuze kwanza. Matandazo hupunguza maji yanayopaa, na kwa hiyo hupunguza chumvi inayopanda. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, na kama eneo lenu lina mchwa usiyarundike karibu na ukuta wa nyumba.

Maji ya mvua ndiyo ningekushauri uyawekee fedha ambazo ungelipia lori la udongo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, basi paa la mita 100 za mraba likipata mvua moja ya milimita 20 linakupa lita 2,000, na hata ukipoteza sehemu kwenye mifereji unajaza tangi zuri. Tangi moja halitakuvusha kiangazi chote kwa bustani nzima, sitaki kukudanganya, lakini linatosha vyungu vya waridi na ile ndoo ya kusafishia chumvi. Maji ya boza yanafaa pia yakiwa ya bomba, ila mengi huchotwa visimani, kwa hiyo muulize mwenye boza na uonje.

Ukiona vidung'ata au vidukari kwenye machipukizi, vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya mche, jioni, kisha suuza. Tafadhali usipulizie sumu ya dukani kwenye miasumini na mirehani. Maua haya huwekwa nywelini, kifuani na kitandani, na sumu nyingine hupenya ndani ya mmea na kubaki humo kwa muda mrefu.

Kuhusu harusi: mwasumini ukipandwa masika hii na kushika vizuri unaweza kuchanua ndani ya mwaka wa kwanza, lakini usitegemee upate maua ya koja na vikuba vya shughuli nzima. Ukiwa na miche minne au mitano yenye afya utapata ya bibi harusi mwenyewe. Mengine yaagize mapema kwa wauzaji. Asumini zichumwe zikiwa matumba yaliyofumba, jua likianza kushuka, maana hufunguka wakati wa magharibi. Rehani itakuwa tele. Mlangilangi kwa kawaida huchukua miaka 2 hadi 4 kabla ya kutoa maua, hivyo huo uupandie wajukuu.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Mimea ya aina tofauti ikifa ghafla katika sehemu ileile moja, ing'oe mmoja na utazame mizizi: ikiwa na vinundu vingi, ni minyoo fundo, ikiwa imeoza na kunuka, au ina utando mweupe wa ukungu, au pana bomba la maji machafu linalovuja chini, mwite afisa ugani wa kata aje aone kwa macho. Na kabla ya kutumia fedha nyingi, pima maji ya kisima. Acha pampu ivute dakika 10, suuza chupa safi mara tatu kwa maji hayohayo, uijaze na kuifunga. Fanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, wakati kisima kina chumvi kuliko wakati wowote. Udongo uchote sehemu kadhaa za bustani, kina cha sentimita 20, uchanganye na kuukausha kivulini. Kituo cha utafiti wa udongo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, mkoani Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiko ningekuelekeza kwa vipimo. Waombe pH, yaani kipimo cha tindikali na uchokaa, na kiwango cha chumvi kwa desisimensi kwa mita, kizio kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kwa mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida, kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu wa aina niliyoueleza, na yakizidi 3 usipande mwasumini ardhini kwa maji hayo hata kidogo: ardhini weka mkadi na mhina, na asumini iwe kwenye vyungu vikubwa vya maji ya mvua.